Jiwe, Ndoo na Chuma: Nguvu za Mwanamke wa Mara



Juzi kwenye harusi shangazi yangu mmoja alinishika mkono hapa juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayechagua embe sokoni, kisha akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Mwanangu, hivyo vyuma unavyonyanyua vitakufanya mwanamke wa Tarime!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana shangazi ni shangazi. Lakini neno lile nilirudi nalo nyumbani. Sisi wa visiwani Mkurya tunamjua kwa sare: askari wa jeshi, polisi, mlinzi wa geti. Mama yake hatumjui. Nikasema basi leo tumtazame huyu mwanamke ninayetishiwa kufanana naye.

Tarime na Serengeti ni wilaya mbili za Mkoa wa Mara zinazotenganishwa na Mto Mara wenyewe, ule unaotoka Kenya na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria. Kaskazini ya mto ni Tarime, nchi ya vilima na mvua, makao ya Wakurya. Kusini ni Serengeti, yenye mji wa Mugumu, wanakoishi Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo, hadi mpaka wa hifadhi. Wanata wana simulizi ya asili yao: baba wa kwanza alikuwa mwindaji na mama wa kwanza alikuwa mkulima wa ulezi. Mwindaji ndiye aliyemkuta mwanamke, na mwanamke tayari alikuwa na shamba lake. Katika hadithi hiyo chakula cha kutegemewa kinatoka mikononi mwa mama tangu siku ya kwanza.

Na ulezi, kwa asiyeujua, ni kazi. Punje zake ni ndogo kama haradali. Kabla ya mashine, unga wake ulipatikana kwa mawe mawili: moja kubwa, bapa, limelazwa chini, na jingine dogo la kushikwa kwa mikono miwili. Mwanamke alipiga magoti nyuma ya jiwe kubwa, akamimina punje kidogo kidogo, kisha akasukuma na kurudisha, akasukuma na kurudisha, uzito wa kiwiliwili chote ukishuka kupitia mabegani. Alifanya hivyo leo, na kesho, na siku ya mvua, na siku ya mimba ya miezi saba. Bibi zetu huku walikuwa na jiwe la mviringo lenye mpini, na kinu na mchi, kwa hiyo tusijifanye wageni sana wa habari hii.

Kazi ya namna hiyo huandikwa mwilini. Mwaka 2017 Alison Macintosh na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti wa mifupa ya wanawake wakulima walioishi Ulaya ya Kati miaka 7,000 hivi iliyopita. Waliilinganisha na mifupa ya wasichana wa leo, wakiwemo wapiga makasia wa mashindano, ambao hufanya mazoezi mara mbili kwa siku. Kwa kuzingatia ukubwa wa miili yao, mifupa ya mikono ya wale wanawake wa kale ilikuwa imara zaidi ya ile ya wapiga makasia kwa asilimia 11 hadi 16. Ukiwalinganisha na wanafunzi wa kawaida, tofauti ilikaribia asilimia 30. Watafiti wakataja sababu wanazoziona: kulima kwa mkono, na kusaga nafaka kwa mawe. Mwanamke wa Mara hakuchimbuliwa na kupimwa, lakini jiwe lake ni lile lile.

Hapa ndipo nilipomkumbuka Bi Fatma (R.A.). Nyote mnaijua riwaya hii katika Bukhari na Muslim. Mikono yake ilikuwa imeumia kwa jiwe la kusagia, akasikia kwamba baba yake Mtume (S.A.W.) amepata mateka, akaenda kuomba mtumishi. Hakumkuta. Usiku Mtume akamwendea yeye na Sayyidna Ali wakiwa wameshalala, akawafundisha ile dhikri tunayoisoma hadi leo kabla ya kulala: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Tumeisikia darsani mara nyingi, na kila mara tunaharakia kufika kwenye tasbihi. Nataka leo tusimame kidogo kwenye mikono. Binti wa Mtume alikuwa na sugu za jiwe, na hakuna aliyemwambia kwamba si mwanamke.

Turudi Mara. Karne ya 20 iliwaondoa wanaume wengi majumbani. Palikuwa na kodi ya wakoloni, na palikuwa na njia za kuitafutia fedha: jeshi la Waingereza, migodi ya dhahabu, mashamba ya chai ya Kericho ng'ambo ya mpaka. Zile sare tunazowajua nazo Wakurya zilianza kuvaliwa zama hizo. Sasa jiulize, askari akiwa yuko mbali kwa mwaka mzima, kuni zilikatwa na nani? Ghala lilijazwa na nani? Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoenea, lilipunguza kazi ya kuvunja ardhi, na kwa kawaida lilishikwa na wanaume. Lakini ukilima eneo kubwa, na palizi inakuwa kubwa, na mavuno ya kubebwa yanaongezeka. Palizi ni ya nani? Kisha 1974 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, na kwa familia nyingi shamba na nyumba zikaachana. Umbali huo ulitembewa na mtu mwenye mzigo kichwani.

Kuhusu huo mzigo wa kichwani, sayansi ilifika karibu na Tarime mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy, Heglund na wenzao juu ya wanawake wa Kenya: Wajaluo, ambao hubeba kichwani na ambao ndugu zao wako hapo hapo Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, na Wakikuyu, waliobeba mgongoni kwa ukanda wa kupita kwenye paji la uso. Waligundua kwamba mwanamke aliyezoea tangu utotoni anaweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wake bila mwili kutumia nguvu ya ziada kuliko akitembea mikono mitupu. Wanajeshi waliobeba mabegi mgongoni hawakuweza hivyo. Ulimwengu ukashangaa, na mimi nilishangaa niliposoma. Baadaye nikajiuliza kama kuna aliyewauliza wale kina mama iwapo wangependa bomba la maji.

Maana ndoo ya lita 20 ina kilo 20, ukiacha uzito wa ndoo yenyewe. Katika mchezo wa kunyanyua vyuma, fimbo ya wanaume, kabla ya kuongezwa chochote, ni kilo 20, na ya wanawake ni kilo 15. Kwa hiyo msichana wa Mugumu anayerudi kisimani amejitwika fimbo ya wanaume na akaenda nayo mwendo mrefu. Tazama pia anavyojitwika. Anachuchumaa, mgongo umenyooka, ndoo inapanda mapajani, inatua kidogo kifuani, kisha kwa mkupuo inafika kwenye ngata. Walimu wa gym hutulipisha pesa kutufundisha jambo hilo.

Mashine ya kusaga ilipofika vijijini, mawe yakastaafu. Debe la nafaka likapelekwa mashineni kichwani, unga ukarudi kichwani, lakini yale masaa ya magotini yakaisha. Simjui mwanamke anayelilia jiwe. Sisi tunaokaa mjini tukisifu "nguvu za mama wa Kiafrika" tunasahau kwamba wenyewe walipopata nafasi ya kuziweka chini hawakufikiri mara mbili. Bi Asma binti Abu Bakr (R.A.) alisimulia hali yake vivyo hivyo. Alibeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe Zubayr, mwendo mrefu, na alimlisha na kumtunza farasi. Kisha baba yake akampelekea mtumishi wa kumtunza farasi yule, naye akasema ilikuwa kana kwamba ameachwa huru. Mwanamke mwenye nguvu vile, na bado aliujua uzito wa kazi usiyoichagua.

Wakati huo huo, wanaume walikuwa wameufanya uzito mchezo. Kunyanyua vyuma kulikuwemo katika Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, Athens 1896. Wanawake walipata ubingwa wao wa kwanza wa dunia mwaka 1987, huko Daytona Beach, Marekani, na Olimpiki mwaka 2000, Sydney. Miaka 104 baadaye! Hoja zilizowazuia zilikuwa zile zile za shangazi: mwili wa mwanamke haukuumbiwa mizigo. Katika miaka hiyo yote mama wa Tarime alikuwa njiani na kuni, na hakuna kamati iliyokaa kumhurumia.

Kwetu wenye kujisitiri kulibaki kikwazo kimoja, mavazi. Sheria za mchezo zilitaka viwiko na magoti vionekane, ili waamuzi wahakikishe vimenyooka. Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistan, aliomba ashindane akiwa amejifunika, na mwaka 2011 shirikisho la kimataifa likaruhusu vazi la kubana la mwili mzima chini ya sare. Miaka mitano baadaye, Rio 2016, Sara Ahmed wa Misri alipanda jukwaani na hijabu yake akachukua shaba katika uzani wa kilo 69.

Sasa shangazi. Yeye ana magoti yanayomuuma na anaogopa kuanguka chooni, na sisi tutafika huko tukijaaliwa umri. Hedhi ikikoma, mifupa ya mwanamke hupungua haraka. Nchini Australia watafiti waliwachukua wanawake 101 waliokwishakoma hedhi na wenye mifupa iliyopungua. Baadhi yao walinyanyua vyuma vizito hasa, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya mwalimu, kwa miezi minane. Mifupa ya uti wa mgongo wao iliongezeka kwa asilimia 2.9, na ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ikapungua kwa 1.2. Ukitaka kuanza, mwone daktari kwanza, na usianze peke yako.

Wenye kuvuna mwani Paje na Jambiani watauliza: sisi tunaobeba magunia mabichi kutoka baharini, si tumeshafanya mazoezi? Mmefanya kazi, wapenzi. Mazoezi yana siku ya kupumzika na sahani ya kutosha kabla ya uzito kuongezwa. Mzigo wa mwani unaongezwa na maji kupwa na bei ya mnunuzi. Mama wa Serengeti naye hakuongezewa ndoo kwa kuwa amepumzika vizuri.

Nilimpigia shangazi simu jana nikamweleza haya yote, kuanzia jiwe hadi mifupa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama kwenye hiyo gym kuna saa za wanawake watupu. Zipo, nikamwambia, Jumamosi asubuhi. Akasema atakuja kutazama tu.