Adhabu ya Dereva Mlevi: Haki Yake na Lengo Lake

Adhabu ya dereva mlevi ina umri mkubwa kuliko motokaa yenyewe. Mwaka 1872, barabara za Uingereza zilipokuwa bado za farasi na ng'ombe, Bunge la nchi ile lilipitisha sheria juu ya uuzaji wa vileo, na ndani yake likaweka kifungu juu ya mtu anayekutwa amelewa katika njia ya watu wote huku akiwa na dhamana ya gari la kukokotwa, farasi, ng'ombe au mtambo wa mvuke. Adhabu yake ilikuwa faini isiyozidi shilingi 40, au kifungo kisichozidi mwezi mmoja. Kifungu hicho hakikuuliza kama kuna aliyeumia. Hatari yenyewe ilitosha. Miaka 25 baadaye, tarehe 10 Septemba 1897, dereva wa teksi jijini London aitwaye George Smith alitiwa hatiani kwa kulewa na kuligonga jengo. Teksi yake ilikuwa ya umeme, na teksi za namna hiyo zilikuwa zimeanza kazi mjini humo mwezi Agosti tu. Gari jipya na ulevi wa zamani vilikutana mapema sana. Smith alikiri, akatozwa faini, na wanahistoria humhesabu kuwa dereva wa kwanza wa motokaa kuhukumiwa kwa kosa hilo.

Vijana wapenzi, tumeanza mbali hivyo kwa sababu katika mafundisho yetu tunaulizwa mara kwa mara maswali mawili. La kwanza: je, ni haki kumwadhibu mtu aliyekunywa akaendesha, lakini hakumgusa yeyote? La pili ni zito zaidi: aliyeua watu kwa kulewa, anastahili nini? Wako wanaojibu haraka kwamba afungwe maisha. Wako wanaosema kwamba pombe ndiyo iliyoua, wala si mtu. Historia haimalizi ubishi huo, lakini inatuonyesha namna watu waliotutangulia walivyolijaribu jambo hili, na mahali walipokwama.

Walikwama kwanza katika ushahidi. Utajuaje kwamba mtu amelewa? Kwa miongo mingi huko Ulaya polisi walimwambia dereva atembee juu ya mstari, au atamke maneno yanayokwaza ulimi, kisha daktari akatoa maoni yake. Haki ya namna hiyo ilikuwa na miguu dhaifu. Mnywaji mzoefu alijikaza akapita. Mwenye goti bovu au mgonjwa wa sukari aliweza kudhaniwa mlevi. Mbele ya baraza la wazee wa mahakama mambo yalizidi kuharibika, kwa maana wengi wa wazee hao walikuwa nao wanakunywa na kuendesha. Walipomtazama mshtakiwa walijiona wenyewe, wakamwachilia.

Aliyefungua njia nyingine alikuwa mwanakemia wa Sweden, Erik Widmark, aliyebuni katika miaka ya 1920 mbinu ya kupima kilevi katika kiasi kidogo sana cha damu. Mwaka 1936 Norway ikawa nchi ya kwanza kuandika mpaka huo katika sheria: kilevi kikifika nusu ya sehemu moja katika elfu ya damu, mtu ana hatia, awe anayumba au amesimama wima. Na adhabu haikuwa ya mzaha. Kwa kawaida ilikuwa kifungo kisichopungua siku 21, hata kwa mtu mwenye cheo. Tajiri aliyezoea kulipa faini na kuondoka alijikuta akilala gerezani majuma matatu pamoja na mvuvi. Katika hilo kulikuwa na usawa ambao faini haiwezi kuuleta.

Uingereza ilichelewa hadi mwaka 1967. Waziri wa uchukuzi alikuwa Barbara Castle, mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakuwa dereva, na wenye mabaa hawakuacha kumkumbusha jambo hilo. Sheria yake iliweka mpaka wa miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, ikawapa polisi kipimo cha pumzi, na ikaamuru kwamba atakayepatikana na hatia anyang'anywe leseni kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Ilianza kutumika tarehe 9 Oktoba 1967. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya elfu moja. Ni jambo la kutafakari: hakuna barabara mpya iliyojengwa kwa ajili hiyo, wala magari hayakubadilika. Watu walibadili tu mwenendo wa usiku mmoja baada ya mwingine.

Kisha idadi ikaanza kupanda tena. Mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Marekani, H. Laurence Ross, alizichunguza takwimu hizo na kutoa maelezo yake mwaka 1973. Mwanzoni, alisema, madereva waliamini kwamba wangekamatwa kila kona, kwa kuwa magazeti yalikuwa yamejaa habari za kipimo kipya. Polepole waligundua kwamba polisi hawawapimi watu wengi kiasi hicho. Sheria ilikuwa ileile na adhabu ileile. Kilichopungua ni hofu ya kukutwa. Miaka ya baadaye Ross alizitazama pia nchi za kaskazini. Norway mwaka 1988 na Sweden mwaka 1990 zililegeza desturi ya kumpeleka gerezani kila dereva mlevi, na vifo vya barabarani havikuongezeka kwa sababu hiyo.

Aliyesoma historia ya sheria hatashangaa. Mwaka 1764 Cesare Beccaria, kijana wa Milano asiyefikisha hata miaka thelathini, alitoa kitabu juu ya makosa na adhabu, akafundisha kwamba mtu huzuiwa zaidi na uhakika wa adhabu ndogo kuliko tisho la adhabu kubwa ambayo anatumaini kuikwepa. Sisi tuliopita katika chuo cha ualimu tulijifunza hayo darasani kabla ya kukisoma kitabu chenyewe. Mwalimu anayetisha kufukuza wote na hamfukuzi yeyote hupoteza darasa lake kabla ya muhula kwisha.

Tuseme pia neno juu ya nchi yetu, lakini kwa ufupi, maana kila msomaji analijua. Sheria ya barabara tuliyo nayo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ubishi wetu wa kila siku hauhusu ukali wa maandishi yake. Adhabu ikiweza kununuliwa kando ya barabara, kwa noti iliyokunjwa ndani ya karatasi za gari, hapo haibaki adhabu. Inakuwa kodi ya mlevi, na mwenye fedha huilipa bila kutelemka garini. Aliye maskini hukaa chini ya jua. Finland iliona mapema kwamba hata faini halali inaweza kuwa na upungufu huo, kwa kuwa kiasi kinachomliza mchukuzi hakimgusi mfanyabiashara. Ndiyo maana tangu mwaka 1921 faini za mahakama zake huhesabiwa kwa siku, na thamani ya kila siku hutegemea mapato ya aliyehukumiwa. Watu wawili wenye kosa moja hupewa siku sawa, lakini hawalipi fedha sawa. Kwa maoni yetu hiyo ni haki iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko bei moja kwa wote.

Sasa tufike kwenye swali la pili, na hapa tutakaa zaidi.

Jumamosi tarehe 14 Mei 1988, kikundi cha vijana wa kanisa moja la Kipentekoste la mji wa Radcliff, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, kilikwenda kutembea katika bustani ya michezo ya Kings Island, jimboni Ohio. Walikuwa katika basi la zamani la shule ambalo kanisa lilikuwa limelinunua. Ndani walikuwamo watu 67, karibu wote vijana na watoto. Ninyi mnaosafiri kwa basi la parokia kwenda kwenye mikutano ya dayosisi mnaweza kuliona basi hilo bila sisi kulichora. Karibu saa tano usiku, karibu na mji wa Carrollton, gari dogo la mizigo lililokuwa likija upande usio wake katika barabara kuu liliwagonga uso kwa uso. Watu 27 walikufa, 24 kati yao wakiwa vijana na watoto. Miongoni mwa watu wazima waliokufa alikuwamo aliyekuwa akiliendesha basi, mchungaji msaidizi wa kanisa hilo, aliyejaribu kuuzima moto.

Dereva wa gari dogo alinusurika. Damu yake ilikuwa na kilevi cha 0.24 kwa mia, na mpaka wa Kentucky wakati ule ulikuwa 0.10. Alisema hakukumbuka ajali ile. Alipata habari yake alipoamka hospitalini. Mwendesha mashtaka alimshtaki kwa mauaji ya kukusudia. Mwezi Desemba 1989 baraza la mahakama lilikataa neno hilo, likamtia hatiani kwa kuua watu 27 bila kukusudia, na hukumu ikawa miaka 16. Alitoka mwaka 1999, baada ya kupunguziwa muda kwa mwenendo mwema.

Ukigawa miaka 16 kwa marehemu 27, kila mmoja anapata miezi saba na siku chache. Wazazi gani wasingelia wakisikia hesabu hiyo? Lakini na upande wa pili una hesabu yake. Mtu yuleyule, na chupa zilezile, kama barabara ingekuwa tupu kwa dakika kumi, angefika nyumbani, akalala, na asubuhi angeumwa kichwa. Nia yake ingekuwa ileile, na uzembe wake uleule. Tofauti kati ya faini ndogo na miaka 16 ililetwa na basi lililotokea mbele yake. Hapo ndipo wanaosema adhabu ifuate nia tu, na wanaosema ifuate madhara tu, wote wawili wanapokwama. Sisi tunaona kwamba madhara lazima yahesabiwe, kwa kuwa waliokufa si takwimu na kuwapuuza ni kuwaua mara ya pili. Lakini hatia yenyewe iliingia mapema, wakati mtu alipokunywa akijua kwamba ana ufunguo mfukoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2290, inaliweka kosa hapohapo: anayehatarisha usalama wa watu barabarani kwa kulewa ana hatia nzito, na haisemi kwamba lazima kwanza aue. Kwa hiyo sheria ya 1872 haikuwa na kosa kumwadhibu ambaye hajamgusa mtu. Hakuadhibiwa kwa bahati mbaya ya baadaye. Aliadhibiwa kwa kuwachezea wengine kamari bila wao kujua.

Juu ya lengo, Katekisimu hiyo hiyo katika namba 2266 inataja mambo matatu: kutengeneza uharibifu ulioletwa na kosa, kulinda usalama wa watu, na kuwa dawa ya mkosaji kadiri inavyowezekana. Mapokeo hayo ni ya zamani, na mpimaji mzuri wa adhabu ni kuuliza kila moja ya hayo matatu. Kumnyang'anya mtu leseni kunalinda. Gerezani analindwa pia asirudi barabarani, lakini siku 21 hazimponyi mraibu wa pombe, na wala miaka 16 haiwezi kumponya bila tiba. Ndilo pengo ambalo sheria nyingi zimeliacha: zinajua kufunga, hazijui kutibu.

Tena, katika Carrollton mlevi hakuwa peke yake. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliokufa hawakufa kwa mgongano. Walikufa kwa moto na moshi. Tangi la mafuta la basi lilikuwa karibu na mlango wa mbele, bila kizuizi cha kulikinga, nalo likatobolewa. Mlango huo ukazibwa. Ukabaki mlango mmoja wa nyuma, na njia nyembamba kati ya viti vilivyotengenezwa kwa sponji inayowaka upesi. Basi lilikuwa limeundwa mwaka 1977, siku chache tu kabla ya masharti mapya ya usalama kuanza kutumika. Familia mbili zilikataa kupokea fidia ya mwanzo na kuipeleka mahakamani kampuni iliyoliunda. Baadaye Kentucky iliagiza mabasi ya shule yawe na milango na madirisha mengi zaidi ya kutokea, na tangi lenye ngome ya chuma. Dereva alihukumiwa, na haki ilidai hivyo. Lakini kama kesi ingeishia kwake, mabasi yangebaki yalivyokuwa.

Mmoja wa akina mama wa familia hizo mbili, Karolyn Nunnallee, alifiwa na binti wa miaka 10, mdogo kuliko wote waliokufa usiku ule. Baadaye akawa rais wa taifa wa chama cha akina mama wanaopinga uendeshaji wa kilevi, kilichoanzishwa California mwaka 1980 na mama mwingine aliyefiwa, Candy Lightner. Kwa juhudi za chama hicho na za wengine, mwaka 2000 Marekani iliamua kuyanyima fedha za barabara majimbo yasiyoshusha mpaka hadi 0.08, na Kentucky ikashusha mwaka huohuo. Dereva wa Carrollton alikuwa na 0.24. Mipaka yote miwili alikuwa ameipita mbali. Siku iliyokuwa na nafasi ya kumzuia ilikuwa ya mwaka 1984, alipokamatwa kwa kosa lilelile mara ya kwanza, na siku hiyo hakukuwa na marehemu hata mmoja.