Mbayuwayu wa Chini ya Ziwa

Kila mwaka, kaskazi inapokatika na masika kukaribia, mbayuwayu waliokuwa wamejipanga juu ya nyaya za umeme za mwambao hutoweka. Majuma machache baadaye, huko Ulaya ya kaskazini, watu husimama kando ya maziwa na mabwawa wakimngojea wa kwanza wao. Kungoja huko kuna historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni kosa.

Kosa lenyewe lilianza kwa macho mazuri. Mwisho wa kiangazi mbayuwayu hujikusanya kwa maelfu na kulala katika matete ya ziwa, kisha asubuhi moja hawapo. Majira ya machipuko yakifika, wa kwanza huonekana papo hapo ziwani, wakiruka chini chini kuwinda wadudu wanaotoka majini. Walioyaona hayo mwaka baada ya mwaka wakahitimisha kuwa ndege hao hulala chini ya maji msimu wote wa baridi. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu wa Kiswidi aliyekuwa uhamishoni Roma, alichapisha kitabu chenye mchoro wa wavuvi wakivuta wavu ulionasa mbayuwayu pamoja na samaki.

Asicheke mtu upesi. Carl Linnaeus, aliyeviainisha viumbe vya dunia, naye aliamini hivyo. Gilbert White, kasisi wa Selborne nchini Uingereza, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1789, aliandika kwa miaka mingi siku walizofika na siku walizoondoka. Nduguye aliyekuwa Gibraltar alimpa habari kwamba huko mbayuwayu huonekana wakiuvuka mlango wa bahari. White alikubali kuwa wapo wanaosafiri, lakini moyo wake haukuacha kushuku kuwa wengine hujificha karibu na mabwawa ya kwao.

Mjini Berlin, katika karne hiyo hiyo ya 18, Johann Leonhard Frisch aliwafunga mbayuwayu miguuni nyuzi zilizotiwa rangi inayochujuka majini. Machipuko yalipofika walirudi nazo, na rangi ilikuwa vile vile. Uzi mmoja ulitosha kuumaliza mjadala, haukuumaliza. Na ushahidi kutoka Afrika ulipokuja haukusadikiwa. Mfaransa Michel Adanson, aliyeanza kukaa Senegal mwaka 1749, alieleza kuwa mbayuwayu wa Ulaya aliwaona huko. Daines Barrington, mmoja wa wale White aliowaandikia barua, alimkanusha. Mtu aliyekuwako akaambiwa hakuona, na aliyemwambia hivyo hakuwahi kufika.

Jawabu lilikuja katika mwili wa ndege mwingine. Mwezi wa Mei 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni. Mkuki ulikuwa wa Kiafrika. Korongo yule aliruka nao hadi kaskazini, na hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, mkuki ungali shingoni. Jina la kijiji linajulikana. Aliyeurusha mkuki, ambaye kwa kumkosa kitoweo wake aliwapelekea wanazuoni barua wasiyoweza kuikana, hakuna aliyemwandika.

Baada ya hapo ikaja pete. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwezi pete za alumini zenye namba, na wengine wakafuata. Mwezi wa Mei 1911, huko Staffordshire, Uingereza, John Masefield, mwanasheria, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake. Pete ilikuwa na anwani ya London. Mwezi wa Desemba 1912 barua iliandikwa kutoka Natal, Afrika ya Kusini: ndege huyo amekamatwa ndani ya nyumba ya shamba, na huko kilikuwa kiangazi.