Makumbusho ya Shangani na Bung'eda za Hanang

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akapelekwa shule ya bweni India angali mtoto, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Dunia ilimjua kama Freddie Mercury wa Queen. Tangu 2019 ana makumbusho Shangani, katika Mji Mkongwe, na wengi wanaoingia ni watalii. Wanafunzi wa Endasak, wilayani Hanang, wakifika pale kwa ziara, wataziangalia picha zile kwa jicho jingine, kwa kuwa Hanang ina desturi yake ya kale ya kuamua nani akumbukwe, na wapi. Wabarbaig wa huko humjengea mzee aliyeheshimika bung'eda, kaburi la udongo linaloinuliwa kwa miezi mingi huku koo zikichangia kazi, ng'ombe na pombe ya asali. Si kila marehemu hujengewa; ni lazima wazee waridhie.

Kwa kipimo hicho wapo watakaosema Bulsara hakustahili: aliondoka, na Queen haikupata kupiga muziki Zanzibar. Mwaka 2006 jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe, na sherehe hiyo ikafutwa. Sidharau pingamizi hilo, kwani jamii ina haki ya kubishana juu ya mtu wa kuenziwa, na bung'eda yenyewe hupitia mjadala. Hata hivyo, Shangani inaeleza jambo ambalo London haiwezi: kwamba mwanamuziki huyu alitoka katika nyumba ya Waparsi, baba akiwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Ukiiondoa nyumba hiyo, unaondoa na kipande cha historia ya Unguja, mzipende nyimbo zake msizipende.

Kinachoniuma ni tofauti ya ulinzi. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Huko Hanang, shirika la serikali la NAFCO kwa msaada wa Kanada ililima ngano kwenye ekari zipatazo 100,000, na trekta zikapita juu ya makaburi ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata. Bung'eda zilizobaki zinahitaji ramani na ulinzi wa sheria, na vijana wa Endasak wana kila sababu ya kuudai.