Bunduki ya Kukodi Haina Nchi

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1978, mamluki wapatao 50, wengi wao Wafaransa, waliteremka kutoka melini karibu na Moroni, mji mkuu wa Komoro, wakaipindua serikali ya Ali Soilih. Mwenyewe aliuawa mwezi huo huo akiwa kizuizini. Kiongozi wa mamluki hao alikuwa Bob Denard, aliyekwisha kupigana kwa malipo huko Kongo katika miaka ya 1960. Mwaka 1975 Denard huyo huyo alimsaidia Ali Soilih kumkamata Rais Ahmed Abdallah kisiwani Nzwani. Mwaka 1978 alimrudisha Abdallah yule yule madarakani. Mlipaji alibadilika; bunduki ilikuwa ile ile.

Afrika haikunyamaza. Mwezi Julai 1978 ujumbe wa Komoro ulifukuzwa katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Khartoum. Hata hivyo, Kikosi cha Ulinzi wa Rais kiliwekwa chini ya maofisa wa Kizungu, na gharama zake zikalipwa na makaburu wa Afrika Kusini. Makaburu nao wakajipatia kituo cha kunasa mawasiliano katika Bahari ya Hindi na uchochoro wa kukwepea vikwazo. Nchi yenye bendera na kiti katika Umoja wa Mataifa ikawa haina amri juu ya bunduki zinazolinda Ikulu yake.

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini; sembuse ategemeaye bunduki ya mgeni! Usiku wa tarehe 26 Novemba 1989 Abdallah aliuawa kwa risasi ndani ya Ikulu, Denard akiwemo. Mwaka 1999 mahakama ya Ufaransa ilimwona Denard hana hatia ya mauaji hayo. Lakini swali la ulinzi linabaki pale pale: kikosi kilichokodiwa kumlinda Rais hakikumlinda. Mwaka 1995 Denard alirudi tena na kumpindua Rais Said Mohamed Djohar, hadi majeshi ya Ufaransa yalipomkamata.

Baadaye mamluki alivaa suti, akafungua ofisi na kuitwa kampuni. Mwaka 1995 serikali ya Sierra Leone iliikodi Executive Outcomes ya Afrika Kusini. Kampuni hiyo iliwarudisha nyuma waasi na kuyakomboa machimbo ya almasi. Hilo haliwezi kukanushwa. Lakini ushindi ulikuwa wa kampuni, na jeshi la taifa lilibaki dhaifu na lenye manung'uniko. Kampuni iliondoka mwanzoni mwa 1997. Mwezi Mei mwaka huo huo askari wa nchi hiyo wakaipindua serikali yao.

Mwezi Machi 2008 askari wa kigeni waliteremka tena Nzwani. Safari hii walikuwa Watanzania na Wasudani, waliokwenda chini ya Umoja wa Afrika, bega kwa bega na jeshi la Komoro, kuuondoa utawala wa uasi wa Mohamed Bacar. Hao walitumwa na serikali zao na kuombwa na serikali halali ya Komoro. Askari wa namna hiyo anafungwa na kiapo, na yuko nchi itakayomwajibisha. Mamluki anafungwa na mkataba tu. Na mkataba hununuliwa na yeyote mwenye fedha nyingi zaidi.