Jina la Msafara Hushikwa na wa Nyuma

Katikati ya mwaka 1866, njiani kutoka Mikindani kwenda nchi ya Wayao, ndama wa nyati wa Kihindi alipotea katika msafara wa David Livingstone. Askari wa Kihindi waliokabidhiwa wanyama walieleza kwamba ameliwa na simbamarara. Livingstone akawauliza kama waliiona milia yake. Wote wakajibu kwamba waliiona, tena waziwazi. Afrika haina simbamarara wa porini hata mmoja. Ndama aliliwa kweli, ila kwa chumvi.

Livingstone alikiandika kisa hiki katika shajara yake, na tangu shajara hiyo ilipochapishwa mwaka 1874 wasomaji wamekuwa wakiwacheka askari. Mimi hunijia swali jingine. Watu wa kandokando ya mto Ruvuma, ulipopita msafara, hawakuisoma shajara, wala hawakujua kwamba mzungu aliyetangulia mbele alikuwa akiudhika na watu wake mwenyewe. Walichokiona ni wageni wenye bunduki, wanaopiga ngamia hadi kuwachubua, na wanaochelewa nyuma wakidai chakula katika nchi yenye njaa. Jina la msafara wangelipata wapi kama si hapo?

Vijana wanaocheza michezo ya kompyuta ya kuigiza mashujaa wanalijua jambo hili kwa tarakimu. Katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotoka mwaka 1974, mhusika huandikiwa mwelekeo wake wa tabia: mwema, mwovu, au wa katikati. Katika Baldur's Gate ya mwaka 1998 kundi zima hubeba alama moja ya sifa, kuanzia 1 hadi 20. Ikishuka, wenye maduka hupandisha bei. Ikipanda mno, wenzako waovu hunung'unika, kisha hukuacha. Mchezaji huambiwa alama yake ilipo. Mkuu wa msafara wa Ruvuma hakuambiwa na mtu. Aliijua siku mtama ulipoadimika sokoni, hongo ya kupita ikapanda, na kijiji kizima kikawa hakina mtu wa kuonyesha njia.

Livingstone hakuwa mgeni wa mto huu. Mwaka 1861 aliingia na meli yake ya Pioneer, maji yakapungua, akarudi. Septemba 1862 akaja tena kwa mashua, na mahali fulani juu ya mto, baada ya nguo kutolewa kama malipo ya kupita, mishale na risasi vikarushwa na wenyeji wakauawa. Upande wa mashua walisema walishambuliwa kwanza. Inawezekana sana. Lakini mto una kumbukumbu yake, na aliyerudi miaka minne baadaye alikuwa na uso uleule.

Kuna jambo lililomuuma zaidi kuliko mishale. Huko mto Shire, kusini zaidi, aligundua kwamba wafanyabiashara wa watumwa waliotokea makazi ya Wareno walikuwa wakifuata njia alizozifungua yeye, na kujiita watoto wake ili wapokelewe vizuri. Hapa mambo yamegeuka: mwovu hakualikwa kundini, amejiingiza mwenyewe kwa kutumia jina la mwema. Matokeo kwa mwenye kijiji ni yaleyale. Aliyempa maji mgeni wa kwanza akachukuliwa mwanawe na mgeni wa pili hana sababu ya kutofautisha wawili hao, na sioni kwa nini tumlaumu.

Basi turudi Machi 1866. Manowari Penguin ilishindwa kumteremsha mlangoni mwa Ruvuma, penye mikoko na mafungu ya mchanga, ikampeleka kaskazini hadi ghuba ya Mikindani. Msafara wake ulikuwa mkusanyiko wa ajabu: askari 13 wa Kihindi, watu 10 wa Nzwani katika visiwa vya Komoro, vijana 9 wa Kiafrika waliolelewa shule ya Nasik huko India baada ya kukombolewa utumwani, na wachache wengine, akiwamo Chuma, kijana wa Kiyao. Wanyama walikuwa ngamia, nyati, nyumbu na punda, walioletwa kwa majaribio ili ionekane nani atamudu mbung'o. Wamakonde waliajiriwa kufyeka vichaka kwa mashoka ili ngamia wapite. Kazi hiyo waliifanya vizuri, na Livingstone aliwasifu kwa hilo. Kwa hiyo mwanzoni jina halikuwa baya: mgeni analipa, kazi inaonekana, nguo inapokelewa.

Liliharibikia nyuma. Askari walibaki siku nyingi nyuma ya wenzao, wakagoma kubeba, wakawatesa wanyama mpaka wakafa mmoja baada ya mwingine. Nchi yenyewe ilikuwa imekaushwa na biashara ya watumwa. Njiani walikuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Katika nchi kama hiyo, mtu mwenye bunduki anayedai posho hahitaji kuwa muuza watumwa ili afanane naye. Julai, walipofika kwa Wayao, Livingstone aliwafukuza askari wale warudi pwani.

Waandishi wengi huishia hapo: mtu mwema, wafuasi wabovu. Mimi sikubali. Askari wale aliwachukua yeye, walipewa wanyama wasiowajua, na aliyetakiwa kukaa nyuma kuwaangalia alikuwa mbele akipima urefu wa milima. Mnyapara yeyote wa Unyamwezi angekuambia kwamba msafara huchungwa kutoka mkiani. Kirangozi hutangulia na ngoma na bendera. Mnyapara mwenye akili hutembea mwisho, kwa sababu wizi hutokea mwisho.

Baadaye watu wa Nzwani nao wakamwacha, karibu na Ziwa Nyasa. Kiongozi wao, Musa, alifika Unguja mwezi Desemba 1866 na habari kwamba Livingstone ameuawa na Mazitu, yaani Wangoni. Dunia iliomboleza. Mwaka 1867 E. D. Young, aliyetumwa kumtafuta, alipanda Shire na kuthibitisha kwamba ni uongo. Musa aliondoka na jina la mwongo, na alistahili. Ila kwa miezi kadhaa jina la Wangoni nao lilibeba damu ambayo hawakuimwaga. Fitina ya mwenzio haikuchafui wewe tu, huchafua hata mtu mliyepita mbali na kijiji chake.

Aliyelisafisha jina la msafara ule alikuwa Chuma, pamoja na Susi, mtumishi mwingine wa Livingstone. Mwaka 1873 Livingstone alipofia kijijini kwa Chitambo, wao na wenzao waliibeba maiti yake hadi Bagamoyo. Kisha Chuma akarudi kazini. Alimtumikia Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA kwenye safari za Uyao na Masasi, mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa, mwaka 1876. Mwaka 1881 aliongoza msafara wa Joseph Thomson kutoka Mikindani, ambao Sultani Barghash wa Unguja aliutuma Ruvuma kutafuta makaa ya mawe. Makaa ya kufaa hayakupatikana, na Sultani hakufurahi. Lakini msafara wa Thomson ulipita pasipo vita, na ukiuliza kwa nini, tazama nani alikuwa akizungumza na majumbe jioni. Thomson alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Aliyekuwa na sifa ni Chuma.

Sultani aliyefuata alichagua mwenzi mbaya kuliko askari wote wa Livingstone. Aprili 1888 Khalifa alitia saini mkataba wa kuikodishia pwani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Maofisa wa Kampuni walipoingia bandarini mwezi Agosti walipandisha bendera yao na kuwapuuza maliwali. Septemba pwani ikawaka. Wayao waliteremka Lindi na Mikindani, maofisa wakakimbilia baharini. Katika macho ya watu wa pwani, kosa halikuwa la Mjerumani peke yake. Sultani alikuwa amewauza. Utawala wa Unguja katika Mrima haukusimama tena.

Machemba, jumbe wa Kiyao wa uwanda wa Makonde, aliusoma mchezo huo mapema. Mwaka 1890 alimwandikia Wissmann, kamanda wa Wajerumani, barua kwa Kiswahili: urafiki angeukubali, utii hapana. Aliwahesabu Wajerumani kwa wale waliofuatana nao, nao walikuwa askari wa kukodi. Alipigana hadi 1899, kisha akavuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Vita vya Maji Maji vilipofika Agosti 1905, misheni ya Wabenediktini ya Nyangao iliteketezwa. Wamisionari Waingereza wa Masasi, ambao hawakuwa Wajerumani wala hawakulimisha mtu pamba ya serikali, walikimbilia Lindi. Walikuwa wameishi jirani na maakida wa serikali miaka mingi na kunyamaza mara nyingi. Hata hivyo Nakaam wa Chiwata, jumbe Mkristo wa Kiyao, alikataa kuwafuata wapiganaji. Sifa haigawiwi sawa kwa kila mtu aliye kwenye njia moja, na huyu ndiye mfano unaonizuia kuifanya hoja yangu kuwa sheria.

Baadaye mto ukawa mpaka wa vita vingine. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilianza kupigana Septemba 1964 ikiwa na makao Tanzania, na Wareno wakavihesabu vijiji vya ukingo wa kaskazini kuwa katika kundi lilelile. Mabomu ya ardhini yalitegwa kwenye mashamba ya watu ambao kosa lao lilikuwa kuwapa chakula wageni. Safari hii wenyeji ndio waliokuwa msafara.

Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walikishambulia kijiji cha Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, wakaua watu na kuchoma nyumba. Wamakonde wa ng'ambo hii na ile ni ndugu. Wamevuka kwa ngalawa kwenda kwenye jando na mazishi tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Sasa mgeni anayeshuka kwenye ngalawa huulizwa ametoka wapi na anakwenda kwa nani. Kisha, kabla ya kupewa maji, huangaliwa nyuma yake, kuonekana amefuatana na nani.