Kabrasha la Pamoja na Mzigo wa Neno "Mtandao": Historia ya Msamiati wa Hitilafu kwa Mtazamo wa Mwambao wa Ziwa Mweru

1.0 Utangulizi

Tafiti za istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimejikita zaidi katika majina ya vitu: faili, kabrasha, kipanya, nenosiri. Msamiati wa hitilafu, yaani maneno ambayo mtumiaji huyahitaji kitu kinapogoma, haujapewa uzito huo. Makala haya yanafuatilia historia ya kabrasha la pamoja, ambalo limo katika kompyuta moja na hufunguliwa kutoka kompyuta nyingine ya nyumba au ofisi ileile. Hoja yake ni kwamba sehemu ya ugumu wa kulirekebisha kabrasha hilo hutokana na maneno mawili yaliyobebeshwa maana nyingi: mtandao na kushiriki.

Mununga, katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, inafaa kuwa kipimo cha hoja hii kwa sababu mbili. Kwanza, ziwa hilo ni mpaka wa lugha. Upande wa Zambia, Kiingereza ndicho lugha rasmi na Kibemba ndicho lugha kuu ya mkoa wa Luapula. Ng'ambo, katika Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, kikiishi kando ya Kifaransa. Wala Kiswahili si mgeni wa jana katika eneo hili. David Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867 na kuendelea hadi kwa Mwata Kazembe, alimkuta huko Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi hapo kwa miaka mingi. Pili, mahali ambapo intaneti hununuliwa kwa vifurushi vya simu, mtandao wa ndani usiohitaji intaneti una thamani ya pekee kwa shule, zahanati na kaya.

2.0 Kutoka Kuaminiana hadi Kudai Uthibitisho

Msingi wa makabrasha ya pamoja ni itifaki ya SMB, iliyobuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwaka 1983. Microsoft iliichukua na kuiendeleza, na mwaka 1992 ilitoa Windows for Workgroups, iliyowawezesha watumiaji wa kawaida kufunguliana makabrasha bila kuwa na kompyuta kuu. Wakati huohuo, Andrew Tridgell wa Australia aliandika programu iliyoziwezesha mashine za Unix kuzungumza itifaki hiyo. Jina lake, Samba, lilipatikana kwa kutafuta katika orodha ya maneno neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo.

Mifumo hiyo ya mwanzo ilichukulia kwamba wote waliomo katika mtandao mmoja wanaaminiana. Dhana hiyo ilitikiswa Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilipoenea duniani kupitia udhaifu katika toleo la kwanza la SMB na kuvuruga hata hospitali za Uingereza. Baadaye mwaka huo, Windows 10 iliacha kusakinisha toleo hilo kwa kawaida. Mwaka 2018 ikaondoa HomeGroup, njia rahisi ya kuunganisha kompyuta za nyumbani iliyoletwa na Windows 7 mwaka 2009. Mwaka 2024, toleo la 24H2 la Windows 11 Pro lilianza kudai mawasiliano ya SMB yatiwe saini ya kidijitali, na likakataa mgeni asiye na nenosiri.

Kwa hiyo, kabrasha lililofunguka jana na kukataa leo huenda halijaharibika hata kidogo. Mara nyingi masharti ya kuaminiana ndiyo yaliyobadilika, na kifaa cha zamani hakiwezi kuyatimiza.

3.0 Maswali Matatu ndani ya Maneno Mawili

Fundi mzoefu hutatua hitilafu hii kwa maswali matatu, kwa mpangilio. La kwanza: je, mashine zinafikiana? Hapa hukaguliwa waya au waifai, ruta na anwani. Anwani inayoanza na 169.254 huashiria kwamba kompyuta haikupata anwani kutoka kwa ruta. Hukaguliwa pia kama Windows imeuweka mtandao katika kundi la mitandao ya hadharani, kwani hapo kompyuta hujificha kwa wenzake. La pili: je, mashine yenye kabrasha inamtambua anayeomba? Hapa huhusika jina la mtumiaji na nenosiri. La tatu: je, anayetambuliwa anaruhusiwa? Windows ina tabaka mbili za ruhusa, moja ya kushirikisha kabrasha na nyingine ya faili zenyewe. Zikitofautiana, iliyo finyu zaidi ndiyo hushinda.

Neno mtandao, lenye asili katika kitenzi tandaa, leo hutaja muunganisho wa kompyuta, intaneti na hata mawimbi ya simu. Mtumiaji asemaye "mtandao hakuna" huenda akanunua kifurushi kingine ilhali tatizo ni waya kati ya meza mbili. Kushiriki, kwa matumizi yake ya kawaida, ni kuwa mmoja wa wahusika: mtu hushiriki mkutano au mazishi. Violesura vya kompyuta vimekipa kitenzi hicho maana ya kumpa mwingine kitu. Kwa hiyo "kabrasha limeshirikiwa" husikika kana kwamba ruhusa imekwisha kutolewa, na swali la tatu humezwa na neno lenyewe.

Chanzo cha pengo hili ni cha kihistoria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri programu zake kwa Kiswahili. Jambo OpenOffice ilikuwa programu ya kuandika na kukokotoa, kazi za mtu mmoja mbele ya mashine moja. Msamiati wa mashine zinazokataana haukuwa hitaji lake la kwanza.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Gharama ya pengo hili ni halisi. Asiyeweza kutofautisha maswali hayo matatu huelekea kutafuta tiba ya jumla: hulirudisha toleo la kwanza la SMB na kufungua mlango uleule uliotumiwa na WannaCry, au humpa kila mtu ruhusa zote. Katika zahanati, tiba ya namna hiyo huweka wazi kumbukumbu za wagonjwa.

Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, ambayo Zambia ni mwanachama. Hadhi hiyo itamfaa mtu wa Mununga iwapo itamfikia pamoja na msamiati wa kurekebisha, mbali na ule wa hotuba. Makala haya yanapendekeza mambo matatu kwa vyombo vya istilahi na watunga sera. Mtandao wa ndani utofautishwe daima na intaneti. Kabrasha la pamoja litumike badala ya kabrasha lililoshirikiwa, na ruhusa ya kushirikisha itengwe na ruhusa ya faili. Tafsiri ya ujumbe wa hitilafu ipewe kipaumbele sawa na tafsiri ya menyu, kwa kuwa mtumiaji huweza kuikariri menyu kwa mazoea, lakini ujumbe wa hitilafu lazima auelewe siku anapoukuta.