Mpaka unaohama: kadi ya bei nafuu na ndoto ya 4K

Wiki hii zamu ya kuandika historia ni yangu. Najua wengi mlingoja habari za vita au za kambi, lakini mimi naleta habari ya kadi ya kompyuta. Vumilieni kidogo, kwa sababu ndani yake kuna mpaka wetu huu, na kuna hesabu ya pesa zenu.

Mnakumbuka mchango. Tulikubaliana kufungua kibanda kidogo cha gemu hapa Tororo, watoto wa mtaa walipe kidogo kidogo, na hela isaidie wale wanaodaiwa ada. Mmoja wetu akasema, "Tukiweka kadi ya michoro iliyo nzuri tutaonyesha picha za 4K, nani atatufikia kuanzia hapa hadi Busia?" Wote tukapiga makofi, hata mimi. Tukatumwa wawili Busia na 260,000 za Uganda, tukarudi na kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti. Muuzaji alituapia kwamba inaweza kila kitu.

Je, inaweza? Hapo ndipo historia inapoingia.

Mpaka tunaouona pale Busia na Malaba haukuwa hapo siku zote. Hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote kutoka huku hadi kufikia upande wa Naivasha ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imefika ndani ya Uganda. Halafu Waingereza wakasogeza mstari kwenye karatasi. Wasamia na Wateso hawakubeba hata sufuria moja. Mpaka ndio uliohama, wao wakajikuta wako pande mbili. Na mstari huo huo, Januari 2008, uliwageuza Wakenya kuwa wakimbizi: waliovuka wakikimbia fujo za uchaguzi walipokelewa Mulanda, hapa hapa wilaya ya Tororo.

Sasa, hicho kinachoitwa "picha kali" nacho ni mpaka unaohama. Picha ya kompyuta ni vitone, yaani pikseli. Mwaka 1996 kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx ilitoka na kumbukumbu ya megabaiti 4. Ilichora vitone 640 kwa 480, jumla 307,200, na watu wakashangaa. Mwaka 1999 NVIDIA wakatoa GeForce 256 na kulitangaza jina la GPU. Siku hizo 1024 kwa 768 ilikuwa picha ya kujivunia. Baadaye ikaja 1920 kwa 1080, ambayo ni vitone milioni 2 na kidogo. Leo mtu akisema picha kali anamaanisha 4K: 3840 kwa 2160, vitone 8,294,400. Hiyo ni mara nne kamili ya ile ya kabla yake.

Kadi ya bei nafuu kila mara inamudu picha iliyokuwa kali jana. Ikikaribia ya leo, mstari unasogezwa tena.

GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 kwa dola 139. Ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na inakula wati 75 tu, ndiyo maana mafundi wanaipenda: unaichomeka kwenye kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, bila waya wa ziada wa umeme. Ilitengenezwa kwa ajili ya 1080. San Andreas ya 2004 au PES 2013 haziisumbui. GTA V, iliyofika kwenye kompyuta 2015, inakwenda vizuri kwa 1080. Ukiipeleka 4K inaanza kukwama kwama, na gemu nzito za sasa ndo usiseme.

Mnajua neno boda boda lilizaliwa Busia, miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Baiskeli ile ilimbeba abiria mmoja vizuri. Ukiwapakiza wanne, kosa si la baiskeli.

Ipo njia ya ujanja. Tangu Juni 2021 kuna FSR ya AMD, inayochora picha ndogo kisha kuikuza, na inafanya kazi hata kwenye kadi za zamani za washindani wao. Inasaidia kweli, lakini gemu yenyewe lazima iwe nayo, na ukianza na picha ndogo sana, sura za watu zinakuwa ukungu.

Basi, turudi kwa kadi yetu. Fundi aliichomeka, akafungua programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Mbele ya jina la kadi pakaandikwa FAKE, yaani feki. Ndani yake ilikuwa GTS 450 ya mwaka 2010. Kuna watu wanabadilisha programu iliyo ndani ya kadi kuukuu ili ijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Kumbe hata kadi inaweza kutembea na karatasi za kughushi, na sisi ambao karatasi zetu ni za kweli ndio tunaokaguliwa kila siku.

Hatukurudi kulalamika. Hatukuwa na risiti, na tulijua kwamba kwa ofisa yeyote swali la kwanza lingekuwa vitambulisho vyetu, si kadi ya muuzaji. Nasema ukweli, tuliogopa. Pesa ilikuwa yenu, na nawaomba radhi.

Lakini jambo lililoniuma zaidi ni hili. Jioni ile nilisoma maandishi ya nyuma ya skrini yetu ya mtumba: 1366 kwa 768. Vitone milioni moja hivi. Hata tungenunua kadi ya dola elfu moja, 4K isingeonekana kwenye kioo kile. Tulibishana wiki tatu kuhusu mpaka ambao hata barabara ya kuufikia hatukuwa nayo.

Na bado, ile kadi feki inacheza PES 2013 na San Andreas kwenye skrini yetu bila shida. Watoto wanakuja, wanalipa, wanapiga kelele. Hakuna hata mmoja aliyeuliza 4K iko wapi.

Kwa hiyo ukiambiwa kadi fulani "inaweza picha kali", uliza kwanza: kali ya mwaka gani, na kwenye skrini ipi? Kisha dai ichomekwe na ikaguliwe na GPU-Z mbele yako kabla hujatoa hela, na upewe risiti. Nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusomea hapa: siku mkituletea kompyuta, tuulizeni kwanza tuna skrini gani na umeme kiasi gani.

Mimi na mwenzangu tutarudisha pesa kidogo kidogo kutoka zamu zetu za kibanda. Daftari liko wazi, njooni mlione.